Orodha ya Bi Kidawa

Walioibwa walikuwa watu elfu moja mia tisa na kumi na wanne, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba ameibwa.

Hivyo ndivyo alivyoelezwa Inspekta Mjaka Pandu asubuhi ya Jumatatu moja ya masika, mwaka 2003, alipofika na Sajini Mashavu katika nyumba ya wageni ya Bi Badriya Suud, Mji Mkongwe. Inspekta alikuwa na miaka ishirini na saba kazini. Alishapeleleza wizi wa karafuu, wizi wa milango ya nakshi, hata wizi wa ng'ombe aliyefichwa ghorofani. Wizi wa namna hii hakuwahi kuusikia.

"Watu hao walikuwa wapi?" aliuliza.

"Humo." Bi Badriya alinyooshea kidole kompyuta iliyokuwa juu ya meza.

"Na kompyuta yenyewe ipo."

"Ipo."

"Dirisha limevunjwa?"

"Halikuvunjwa."

"Kitasa?"

"Kizima, kama unavyokiona."

Inspekta aliinama, akatazama chini ya meza. Hakujua anatafuta nini, lakini aliona ni vyema aonekane anatafuta.

"Ni orodha, Inspekta," Bi Badriya alisema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Majina ya wageni wangu na anwani zao za barua pepe. Miaka minne naikusanya. Kila mwezi tunawaandikia, na ndio hao wanaorudi Julai na kuleta wenzao. Juzi ilikuwepo. Leo nimefungua, peupe!"

"Hukuiandika pahala pengine? Daftarini?"

"Ingekuwa daftarini ningekuita?"

Sajini Mashavu alikohoa ili asicheke.

Bi Badriya alikaa. Sauti yake ikashuka. "Ijumaa kaka yangu Basil anakuja na watu wa hoteli. Wanataka kuikodi nyumba yote kwa miaka thelathini. Nimemwambia vyumba vya Julai vikipata watu, nyumba inabaki kwetu. Visipopata, nampa funguo. Sasa bila ya orodha nimwite nani? Nyumba hii kazaliwa mama yangu, nimezaliwa mimi."

Hilo Inspekta alilielewa vizuri. Alifungua daftari lake.

"Jana nani alikuwepo hapa?"

"Mimi nilikwenda harusini tangu adhuhuri mpaka magharibi. Walibaki watatu. Basil, alikuja kupima vyumba. Khalil, fundi wetu wa tovuti. Na Nada."

Nada aliingia wakati huohuo na sinia la kahawa. Alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Bi Badriya, msichana wa miaka ishirini na nne, aliyelelewa humo humo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Jana ulimwona mtu akiigusa hii kompyuta?"

"Wote tuliigusa," alijibu, akaweka vikombe, akatoka.

*

Khalil alikuwa na chumba cha kompyuta Kikwajuni. Alikuwa kijana mwembamba anayesema upesi, na Inspekta alilazimika kumsimamisha mara tatu.

"Kwanza niambie. Kitu kimeibwa na mahali pake pamebaki pazima. Inawezekana?"

"Inawezekana sana. Jana saa nane mchana mtu kafungua kwa neno la siri, kainakili orodha kwenye diski, kisha kaifuta. Na kaifanya kazi hiyo kwa kompyuta ya nyumbani mle mle, si ya mbali. Nshaangalia."

"Neno la siri nani analijua?"

"Limebandikwa ukutani kwa gundi, afande. Anayejua kusoma analijua."

Inspekta alishusha pumzi. "Na orodha yenyewe ina thamani gani, mpaka iibwe?"

Hapo Khalil alichangamka. "Sikiliza. Tovuti yao ya mwanzo ilikuwa na picha zinazochezacheza, na maandishi yanayokimbia, na muziki juu yake. Mtu wa Ulaya anangoja dakika tano, anachoka, anakwenda zake. Mimi nikavifuta vyote. Nikaacha picha moja ya jikoni, na kisanduku kimoja juu, jicho linapotua mwanzo. Andika jina lako na anwani yako, basi. Ukimuuliza mtu maswali kumi anakimbia."

"Kama sisi," alisema Sajini Mashavu.

"Akishaandika anapelekewa namna ya kupika pilau, bure. Mwezi ukifika, barua fupi. Si tangazo, barua ya mtu kwa mtu. Na jina la mtumaji halibadilishwi abadan! Watu hufungua barua ya mtu wanayemjua."

"Na mtumaji ni Bi Badriya."

"La. Bi Kidawa, mama yake. Ndiye aliyekuwa akiwapikia. Wageni wakimpenda yule kuliko bahari."

"Basi nitamhitaji kwa maelezo. Nitampata wapi?"

Khalil alitazama sakafu. "Mkokotoni. Makaburini."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Kafariki lini?"

"Miezi saba sasa."

"Na barua ya mwisho kaandika lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

Feni ilizunguka juu yao.

"Afande," Sajini Mashavu alinong'ona, "tumwandike shahidi au tumwandike marehemu?"

*

Jumanne, kabla Inspekta hajamaliza chai yake, Bi Badriya alipiga simu kituoni. Alikuwa akitweta.

"Njoo. Zinakuja pole."

Zilikuwa mia mbili na zaidi, na kila ukigeuka zinaongezeka. Watu wa Ujerumani, Italia, Kanada, wote wanampa pole Bi Badriya kwa kufiwa na mama. Wengine wamesema Julai hawatakuja, kwani walikuwa wakija kwa ajili ya Bi Kidawa. Mmoja wao alikuwa ameirudisha ile barua aliyoipokea. Ilipelekwa Jumapili hiyohiyo, saa nane kasorobo, kwa orodha yote. Juu Kiswahili na chini Kiingereza, kama barua zote za Bi Kidawa.

Inspekta aliisoma akiwa amesimama:

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Bi Kidawa Nahodha, kilichotokea Mkokotoni. Maziko yameshafanyika. Habari ziwafikie Bi Badriya Suud wa Mji Mkongwe, Bwana Basil Suud wa Mkokotoni, Bwana Khalil fundi wa tovuti, pamoja na wageni wote waliokula chakula chake, popote walipo."

Aliisoma tena. Alizidi kuchanganyikiwa. Mwizi gani huyu anayeiba orodha ili aseme kweli?

"Adui," alisema Bi Badriya. "Anataka kunimalizia nyumba."

Adui wa karibu alikuwa Basil, naye aliletwa mchana. Mtu mnene, mfanyabiashara wa dagaa, mwenye kucheka ovyo.

"Nyumba ikikodiwa unafaidika?"

"Nafaidika. Sikatai."

"Jumapili ulikaa kwenye kompyuta?"

"Nilikaa kwenye kiti chake, nikala embe. Inspekta, mimi mashine ile naijua kwa vumbi lake tu. Hata simu yangu nafunguliwa na mke wangu!"

"Barua hii imekusaidia."

"Imenisaidia, lakini imenitaja. Mtu akiiba hujitaja?" Kicheko kilimkauka. "Na yule ni mama yangu pia, bwana."

Inspekta alimwachia. Aliporudi kituoni alikuwa na washukiwa watatu, mtaalamu mmoja asiyefahamika anasema nini, marehemu mmoja mwenye kuandika barua, na mali iliyoibwa ambayo hata ikipatikana asingejua aishike wapi.

*

Jumatano baada ya chakula cha mchana, redio ya kituoni ilikuwa kwenye matangazo ya vifo. Inspekta huyasikiliza kila siku, kama watu wote wa Unguja, asije akapitwa na maziko.

"Bwana Makungu Hija wa Bububu anasikitika kutangaza kifo cha shangazi yake," ilisema redio. "Habari ziwafikie Bwana Juma Hija wa Donge, Bi Asha Hija wa Makunduchi…"

Inspekta aliweka kikombe.

"Mashavu. Huyu Makungu Hija katangaza. Mbona hakujitaja pale penye habari ziwafikie?"

Sajini alimtazama kwa huruma. "Afande, si yeye ndiye anayesema? Habari imfikie kutoka wapi tena?"

Inspekta aliitoa ile barua mfukoni, akayahesabu majina kwa kidole. Kisha akachukua kofia yake.

*

Aliwakuta wote wanne ukumbini. Khalil alikuwa akihangaika na kompyuta, Basil akibishana na dada yake habari ya Ijumaa. Nada alikuwa akikunja mashuka.

"Bi Badriya, marehemu ana wajukuu wangapi?"

"Mmoja tu. Huyu Nada. Basil hakujaaliwa, wala mimi."

"Na aliyekuwa akimhudumia alipokuwa akiugua?"

"Huyo huyo."

"Hapa umetajwa wewe, katajwa Basil, katajwa na Khalil ambaye si wa ukoo. Mjukuu pekee hakutajwa."

"Kasahauliwa," alisema Khalil.

"Wewe ungemsahau? Ungemtaja wa kwanza. Basil angemtaja. Hata adui angemtaja." Aligeuka. "Mwanangu, mbona hukujitaja?"

Nada alimaliza kulikunja shuka lililokuwa mkononi. Akaliweka juu ya mengine.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyetangaza."

Bi Badriya alisimama. "Nada!"

"Mwache aseme," alisema Inspekta.

"Macho ya bibi yalipoanza kufifia, yeye akisema, mimi nnaandika. Alipokufa, mama mkubwa akaniambia niendelee, jina la mtumaji lisibadilike. Miezi saba nimekuwa bibi yangu. 'Sijambo, wanangu. Leo nimepika boko boko.' Watu wananijibu, bibi, goti linaendeleaje? Nami najibu goti halijambo." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Mwezi huu kaandika mwanamke wa Norwe. Kafiwa na mama yake. Anasema, umebaki wewe tu, Julai nakuja kukaa jikoni kwako. Nikamjibu karibu, nakungoja. Ningemwambia nini akibisha hodi?"

"Ungeniambia mimi!" alisema Bi Badriya.

"Nilikwambia. Ulisema tungoje Julai ipite."

"Na kwa nini uliifuta orodha?" aliuliza Inspekta.

"Ili mama mkubwa asiwahi kuwaandikia kwamba ni uongo. Diski ninayo, imo kwenye kasha la bibi. Sikutaka kuivunja nyumba. Nilitaka atangazwe." Alimgeukia Inspekta. "Hata redioni hakutangazwa, Inspekta. Mama mkubwa alikataza, ati watembeza wageni wa mjini watasikia, wawaambie wageni. Kila mtu wa kisiwa hiki hutangazwa. Bibi yangu kazikwa kama mtu aliyeokotwa njiani."

Basil aliinamisha kichwa. Bi Badriya alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Mlalamikaji ni wewe," Inspekta alimwambia. "Unasemaje?"

Bi Badriya alimtazama Nada.

"Sina kesi na mtoto wangu," alisema mwisho. "Nada, mpe Khalil hiyo diski. Nitawaandikia mimi, kwa jina langu. Yule wa Norwe nitamwandikia wa kwanza."

"Na Ijumaa?" aliuliza Basil, kwa sauti ndogo.

"Ijumaa waje hao watu wako. Vyumba visipopata watu, funguo nitakupa kwa mkono wangu. Lakini mama haandiki tena." Alimgeukia Nada. "Isome ile barua."

"Umeshaisoma, mama mkubwa."

"Nimeisoma. Sijaisikia."

Inspekta alivua kofia. Nada aliipokea karatasi, akasimama wima kama wasimamavyo watangazaji, akaanza. Alipofika pale pa "habari ziwafikie Bi Badriya Suud wa Mji Mkongwe," Bi Badriya aliachia kiti, akakaa chini sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu maziko, akalia.