Uzito wa Kiti cha Kushoto

Jioni ile Musimbi alitumwa chumvi na mafuta ya taa tu. Hakuwa na sababu ya kukawia. Dada yake Nabwire alikuwa na mimba ya siku za mwisho, na alikuwa amebaki nyumbani peke yake, kwa maana mumewe Wamalwa alikuwa upande wa pili wa msitu akipasua mbao. Lakini dukani palikuwa na mabishano, na tangu Musimbi aache shule akiwa kidato cha pili, akaja huku juu katika msitu wa Kaptagat kumsaidia dada yake, hakuwa na mahali pengine pa kusikia watu wakibishana.

Walikuwa wanabishania gari.

Gari lenyewe lilikuwa la mwenye duka, Ndungu, ambaye kila mtu alimwita Baba Njambi. Alikuwa amelitengeneza kwa mafundi wa kule Langas kutokana na mabaki ya gari dogo kuukuu. Injini nyuma, magurudumu manene, vyuma vilivyopindwa juu badala ya paa, na mbele viti viwili tu, kimoja kando ya kingine. Milango haikuwepo. Watu waliliita Bega kwa Bega.

"Hii ni gari ama ni kiti ya kinyozi?" mpakiaji mmoja wa magogo aliuliza, na wenzake wakacheka.

"Cheka tu," Baba Njambi alisema. "Mvua ikinyesha, lori yenu inalala kwa matope. Landrova nayo ni pana, haiwezi kupita katikati ya miti. Mimi napita. Nikikwama, watu wawili wananiinua kama kitanda."

"Na mvua ikinyesha unaoga ukiendesha."

"Naoga, ndiyo. Lakini nafika."

"Na mgonjwa je? Utamlaza wapi? Kwa mapaja yako?"

Wakacheka tena. Baba Njambi mwenyewe akacheka, kwa sababu maneno hayo yalikuwa ya kweli. Na ubaya mwingine wa gari lile waliujua wote: lilikuwa jepesi mno. Dereva akiwa peke yake lilimlalia upande wake wa kulia, na penye mteremko lilitaka kumpindua. Ndiyo maana siku zote alibeba gunia la mchanga kwenye kiti cha kushoto, kama vile abiria.

Jioni ile gunia halikuwepo. Kitini palikuwa na jiwe kubwa jeusi, limeota ukoga wa kijani upande mmoja.

"Gunia lilipasukia huko juu," Baba Njambi alieleza. "Nikaokota hili jiwe pale kwa kona."

"Kona gani?" Aliyeuliza ni Mama Waithira, mama mzee aliyezalisha wanawake wa kijiji kile. Alikuwa amekuja kununua ugoro.

"Ya Zachariah."

Kicheko kikakatika.

Zachariah alikuwa mpakiaji wa magogo. Mwaka uliotangulia, gogo lilimviringikia pale kwenye kona. Wenzake walimtoa akiwa hai, wakamlaza kando ya njia wangoje gari la kumteremsha hospitali. Mvua ilikuwa imenyesha. Lori lilikuwa limezama matopeni. Alilala pale kutwa nzima, amefunikwa makoti ya watu, na kila mara aliuliza neno moja tu.

"Gari imekuja?"

Alikufa giza lilipoingia. Baada ya hapo, watu waliopita pale jioni wakaanza kusikia swali lile lile... kutoka chini kwenye nyasi. Basi wapakiaji wakaanza desturi yao. Kila apitaye akitoka kazini anaweka jiwe. Halikuwa jiwe la heshima. Lilikuwa la kumlalia, asiinuke.

"Umemwondolea mtu uzito wake," Mama Waithira alinong'ona. "Rudisha."

"Mama, jiwe ni jiwe. Mimi ni mtu wa kanisa." Lakini Baba Njambi alilitoa, akalitupa kando ya mlango wa duka. "Haya. Limetoka. Mmefurahi?"

Akapanda gari aliingize uani. Watu wakangoja liiname upande wake, kama ilivyokuwa siku zote.

Halikuinama.

Lilikaa sawasawa, limetulia, kama gari lililobeba watu wawili.

Musimbi hakungoja chenji. Alikimbia. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kwenye miti ya saiprasi, na mafuta ya taa yalimruka mkononi. Kabla hajafika mlangoni alimsikia dada yake akiugua.

Mama Waithira alipoitwa, alimpapasa Nabwire tumboni kwa muda mrefu. Kisha akanawa mikono.

"Mtoto amelala kukingama," alimwambia Musimbi pale nje. "Huyu simwezi. Akilala hapa hadi asubuhi, utakosa wote wawili."

"Tufanye nini, Mama?"

Mama Waithira aliangalia chini kuelekea dukani. Katika njia ile, siku ile, gari lilikuwa moja tu.

Walimkalisha Nabwire kwenye kiti cha kushoto, wakamfunga kwa leso mbili ili asianguke nje, maana mlango haukuwepo. Nafasi ya mtu wa tatu haikuwepo pia. Musimbi alisimama nyuma juu ya vyuma vya injini, ameshika nguzo kwa mikono yote miwili, joto la injini likimchoma miguu.

"Shika sana," Baba Njambi alisema. "Sitaweza kukuokota."

Wakaingia msituni.

Taa ya mbele ilikuwa moja. Ilionyesha ukungu, na matope, na vigogo vya miti vilivyokaribia mpaka Musimbi akarudisha viwiko ndani. Kweli gari lile lilipita mahali ambapo lingine lisingeweza. Lilikwea mizizi. Lilivuka kijito bila kusita. Musimbi akaanza kuwa na tumaini.

Halafu walipita kwenye kona.

Lundo la mawe lilikuwa pale kando, limebomoka upande mmoja. Baba Njambi hakuliangalia. Musimbi aliliangalia. Hakuona kitu. Ila harufu ilikuja... ya utomvu wa mti uliokatwa sasa hivi, na ya koti lililonyeshewa siku nyingi.

"Musimbi," Nabwire aliita kwa sauti ndogo.

"Niko hapa, dada."

"Mwambie asogee."

"Nani?"

"Huyu. Ananibana."

Musimbi alichungulia. Kushoto kwa dada yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na hewa, na majani yakipita. Lakini Nabwire alikuwa amesukumwa kulia, bega limepanda, kama vile watu wanavyokaa wawili kwenye kiti cha mtu mmoja.

"Mama, usinilalie," Baba Njambi alisema. "Nashindwa na gia."

"Si mimi."

Baba Njambi hakuuliza ni nani. Musimbi aliona tu shingo yake ikikakamaa. Gari lisilo na mlango haliwezi kumkataza mtu kuingia.

Mbele kidogo, mvua ilikuwa imekula njia upande wa kulia. Baba Njambi aliona shimo akiwa amechelewa. Gurudumu la mbele likatoka nje ya udongo, na la nyuma likafuata, na chini kulikuwa na korongo lisiloonekana mwisho. Gari jepesi kama lile lilipaswa kupinduka papo hapo. Musimbi alifumba macho.

Halikupinduka.

Kitu kililivuta upande wa kushoto. Springi zililia. Gari likaning'inia hivyo, magurudumu mawili hewani, likasonga mbele pole pole kama linaloshikiliwa na mtu aliyejitupa nje mgongo mzima kulisawazisha, hadi magurudumu yakakanyaga udongo tena.

Hakuna aliyemshukuru.

Kisha sauti ikauliza. Ilikuwa ya mwanamume. Ilikuwa karibu, imechoka, na haikuwa na hasira hata kidogo.

"Tumefika?"

"Musimbi, ni wewe umeuliza?" Baba Njambi alinong'ona.

"Hapana."

Injini ikanguruma. Ukungu ukawapiga usoni.

"Tumefika?"

Baba Njambi alijibu akiangalia mbele, kwa upole, kama mtu anayemjibu mtoto safarini. "Karibu. Vumilia kidogo. Karibu tufike."

Kwenye kituo cha afya, nesi alitoka na taa. Wakamfungua Nabwire leso, wakamshusha mikononi. Mara tu miguu yake ilipotoka garini, gari lote likainama kulia, *kwiii*, likamlalia Baba Njambi kama zamani.

Alibaki ameketi, mikono kwenye usukani.

"Ameshuka," alisema.

"Nani?" nesi aliuliza.

Walimwingiza Nabwire ndani.

Nesi alimgeuza mtoto kwa mikono, akitokwa na jasho, na mtoto akazaliwa kabla matope hayajakauka kwenye magurudumu. Mvulana. Hakulia. Alifungua macho, akaangalia taa, akaangalia dari, akawaangalia watu mmoja mmoja, kama abiria anayehakikisha kwamba hapa ndipo alipokuwa anaenda. Kisha akashusha pumzi ndefu, akalala.

"Ametulia huyu," nesi alisema. "Sijaona mtoto ametulia hivi."

Nabwire alimkumbatia akalia kwa furaha. Alikuwa amezika watoto wengine kabla ya huyu. Musimbi alijua hivyo, na kwa hiyo hakumkumbusha mambo ya garini.

Waliwekwa pale siku kadhaa kwa sababu ya ugonjwa mmoja ambao nesi hakuuelewa. Mchana mtoto alikuwa mzima. Ananyonya, anakojoa, anakunja vidole. Lakini kila jioni, jua likielekea kushuka, alikata pumzi. Uso ulikuwa wa bluu. Kifua kiliingia ndani kama kilichokaliwa. Walimpiga mgongoni, wakampulizia mdomoni, na baada ya muda pumzi ilirudi.

"Mapafu bado machanga," nesi alisema. "Atapona akikua."

Musimbi alihesabu moyoni ni wakati gani ule wa jioni. Ulikuwa wakati wa wapakiaji kutoka kazini na kupita pale kwenye kona. Lakini hakulifikiria hilo hadi mwisho. Alikuwa na miaka kumi na sita, na alitaka sana nesi awe amesema kweli.

Baba Njambi alikuja kuwachukua alasiri moja yenye jua. Alikuwa na uso wa furaha.

"Imerudi kuwa gari ya kawaida," alimwambia Musimbi. "Inanilalia vizuri! Nimenunua gunia lingine. Na leo naenda kumaliza ile maneno." Akaonyesha chini ya kiti chake. Jiwe jeusi lilikuwa pale. "Mama Waithira amenisumbua mpaka nimechoka. Tukipita, narudisha, yaishe."

Musimbi alihisi kama mzigo umemshuka. Kumbe ni hilo tu. Kila kitu kikirudi mahali pake, na jioni zitarudi kuwa jioni.

Nabwire akaketi kushoto na mtoto mapajani. Musimbi akasimama nyuma. Walipofika kwenye kona, Baba Njambi alizima injini. Msitu ulikuwa kimya, miale ya mwisho ikipita kati ya miti.

"Mbona tunasimama?" Nabwire aliuliza.

"Narudisha kitu cha watu, Mama."

Alilibeba jiwe kwa mikono miwili, akainama, akaliweka juu ya lundo mahali lilipotoka. Akalisukuma kidogo likae vizuri.

Nyuma yake, Nabwire akapiga kelele.

Mtoto alikuwa amekata pumzi. Mdomo wazi, hakuna sauti. Kifua kimeingia ndani.

Nabwire alimgeuza, akampiga mgongoni, akamwita Mungu. Baba Njambi alisimama ameduwaa. Musimbi aliangalia mtoto, kisha akaangalia jiwe. Miguu yake ilijua kabla ya akili. Aliruka chini, akalishika, akaliangusha kutoka kwenye lundo.

Mtoto akavuta hewa.

"Bwana asifiwe," Nabwire alilia, amemfunika na leso. "Bwana asifiwe. Imepita."

Baba Njambi na Musimbi walitazamana.

"Labda ni jiwe..." Baba Njambi alinong'ona.

Musimbi alipiga magoti kwenye nyasi akaanza kuyaondoa mawe. Moja. Lingine. Mengine yalikuwa yamezama ardhini, hayakutoka hata alipoyachimba kwa kucha. Yalikuwa mengi sana. Mkono wa kila mtu wa kijiji ulikuwa pale.

"Musimbi, unafanya nini?" Nabwire aliuliza. "Panda twende. Mtoto anataka nyumbani."

Angemwambia nini? Kwamba huyu unayembusu ni nani? Musimbi aligeuka kumwangalia. Juu ya bega la dada yake, kichwa kidogo ambacho kwa umri wake kisingeweza kujishika kilikuwa kimesimama wima. Macho yalikuwa yanafuata mikono yake kwenye mawe. Hayakuwa na ubaya. Yalikuwa yanangoja tu, kama mtu aliyelala kando ya njia anavyongoja.

Ndipo waliposikia sauti.

Chini ya njia, nyuma ya miti, wapakiaji walikuwa wanapanda wakitoka kazini. Walikuwa wengi, wakiongea, wakitaniana, mmoja akipiga mluzi.

"Baba Njambi," Musimbi alisema. "Wazuie."

"Niwaambie nini?"

Musimbi alisimama mbele ya lundo, amenyoosha mikono, kama mtu anayezuia ng'ombe. Wapakiaji wakatokea kwenye kona, mashati yamelowa jasho, wakawaona, wakawasalimia kwa shangwe.

"Mama, hongera! Hebu tuone kijana!"

Kila mmoja alikuwa na jiwe lake mkononi.