Neno Nililosema Juu ya Kaburi

Jioni ile mama alinituma kaburini kulala.

Kwetu Hoggar, kwenye milima ya Sahara, si ajabu. Mwanamume akitaka kusafiri na hajui aelekee wapi, dada yake huvaa nguo nzuri, huenda kwenye makaburi ya mawe ya watu wa kale, hujilaza juu yake na kuwauliza waliozikwa. Sheikh hukunja uso, lakini hata mkewe nimewahi kumkuta kule, amelala chali.

Safari ilikuwa ya mdogo wangu Biska, kiongozi wa wasafiri. Makundi mawili yalimtaka: moja lilikuwa linavuka jangwa la Tanezrufti, jingine la Tenere. Alitakiwa kujibu kabla ya asubuhi. Baba yetu alipotelea jangwani na hatukupata hata kiatu chake, kwa hiyo mama hakutaka mchezo.

"Tofauti iko wapi?" Biska alicheka ndani ya kilemba kilichomfunika mdomo. "Tanezrufti nakufa kwa kiu. Tenere nakufa kwa kiu na mchanga mdomoni."

"Funga domo, mkosi wewe!" mama alifoka. Kisha akanigeukia. "Vua bangili, mwanangu. Vua hereni. Hata sindano ya nguo iache. Wa chini hawapendi chuma."

Nikaenda. Jua lilikuwa bado halijazama nilipojilaza, na mawe yalikuwa na joto la mchana. Nikauliza kama nilivyofundishwa: "Biska aende Tanezrufti au Tenere?" Nikafumba macho.

Kwanza ikaja harufu. Udongo uliolowa mvua... Na kwetu ulikuwa mwaka wa tatu bila tone.

Kisha mawe yakapoa. Ghafla. Mgongoni nikahisi kitu kikipanda na kushuka, polepole.

Kilikuwa kinapumua.

Nikataka kuinuka. Mkono, hapana. Mguu, hapana. Nikataka kupiga bismillahi, ulimi ukagoma. Mimi si mwoga, lakini niseme ukweli, niliogopa mpaka nikajikojolea ndani ya nguo zangu nzuri. Nilitamani hata ile sindano.

"Taja wewe," sauti ikanong'ona chini ya kisogo changu. "Mahali utakapotaja, ndipo nitakapomngojea. Nina njaa."

Ulimi ukafunguka. Lakini nani atoe neno kama hilo? Baridi ikapanda kiunoni... kifuani... Nikajua siondoki pale bila kutaja. Nikisema Tanezrufti, nimemuua. Nikisema Tenere, nimemuua.

Ndipo nikajiona mjanja.

"Haendi kokote," nikasema. "Atabaki nyumbani."

Kile kitu kikavuta pumzi chini yangu.

"Haya. Nyumbani."

Mawe yakaniachia. Nilikimbia nikicheka peke yangu, na nilikuwa nimefika nusu ya njia maana iliponiingia. Nyumbani ndipo kitakapomngojea.

Hemani Biska alikuwa anachemsha chai. "Dada, mbona umelowa? Umelala kaburini au kisimani?"

"Umeambiwa nini?" mama akanong'ona.

Nyuma ya Biska, pale mkekani anapolala, ilikuwa inatoka ile harufu ya udongo.

"Tanezrufti," nikasema. "Aende sasa hivi."

"Sasa hivi? Chai haijaiva, wewe!"

"Ondoka, Biska! Toka!" Nikautupa mfuko wake nje ya hema. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili, akacheka, akaenda.

Alivuka salama. Huko hapakuwa na kitu kinachomngoja.

Ni miaka saba sasa, na sijamruhusu kurudi. Kila akituma habari kwamba anakuja, nazua jambo: mara kuna homa, mara nimeota vibaya. Mwaka jana nilimtukana kwenye simu mpaka akalia, nami nikalia baada ya kukata. Tumehamisha hema mara nne. Harufu inahama nasi na kukaa palepale, upande wake wa mkeka. Mama hanusi kitu. Ananiita mchawi niliyemfukuzia mwanawe.

Mke wa sheikh nilimweleza yote. Akanishika mkono.

"Wa chini huulizwa, wakajibu," alisema taratibu. "Wao hawaulizi mtu. Huyo uliyemkuta... mimi simjui."

Juma lililopita mama aliugua. Hakuweza kula, akawa anataja jina moja tu usiku na mchana. Nilikataa kupiga simu. Jirani akapiga bila kuniambia.

Juzi, jua likizama, nikasikia gari. Nikaruka kwenda kumzuia mlangoni, lakini mama alikuwa amenikamata nguo. Mgonjwa asiyeweza kushika kikombe! Nilivuta, nikavuta. Vidole vyake vilikuwa baridi, na haviachii.

"Mama! Dada!" Biska aliita kutoka nje.

Nikafungua kinywa nimwambie akimbie. Ulimi ukagoma.

Akaingia akiwa na vumbi hadi kwenye kope, mvi zimeanza kumtoka kidevuni, anacheka vilevile. Akainama kumbusu mama kipaji cha uso.

"Dada, bado umenuna tu?" akasema. Kisha akageuka kutafuta mahali pa kukaa.

Mkekani, kitu kikasogea kidogo, kikampisha.