Aliyempakata Mfumwa

Mwanzo ilikuwa mito tu. Hedwiga, mke wa Mzee Stefani, aliamka asubuhi moja akakuta mto wake umewekwa sakafuni, umeegemezwa ukutani vizuri, na wa mumewe pembeni yake. Kesho yake ikawa vilevile, na mto wa mjukuu wao Blessing nao umetolewa. Hedwiga akamgombeza mtoto wa watu bure. Lililomkosesha raha hasa hakulisema: hakuna aliyeamka na shingo inayouma. Walikuwa wanalala vizuri kuliko zamani zote. Usiku kucha vichwa vyao vilikuwa mahali laini, penye uvuguvugu, panaponuka samli na udongo mbichi.

Nyumba yenyewe mjue ni ya nani. Stefani ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, na mkuu wa ukoo wa Mfumwa Ngoleza. Mfumwa ndiye mtawala wa zamani wa sisi Wapare, na ukoo ule haukukubali mtu asahau. Ukikaa nao meza moja harusini, kabla pilau halijafika umeshasimuliwa jinsi Ngoleza alivyozuia mvua na jinsi wageni walivyoingia kwake kwa magoti. Watoto wao walioko Dar na Arusha wana kundi lao la WhatsApp, na huko ndiko walikoamua kwamba babu asiendelee kulala msituni kama digidigi. Ajengewe kaburi la vigae mbele ya nyumba ya Stefani, na siku ya kulifungua ukoo mzima uvae sare ya kitenge.

Kuna jambo lingetosha kuwashtua, kama wangetaka kushtuka. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kufukua fuvu la mkubwa na kulihifadhi kwenye chungu katika msitu wa matambiko. Fuvu la Ngoleza peke yake halikufukuliwa. Lilikatazwa, na aliyekataza hakutoa sababu.

Siku chache kabla ya ile mito, waliokwenda kulifukua walikuwa Stefani, mwanawe Kaleb, ambaye ndiye baba wa Blessing na ana duka la vipuri pale Same mjini, na fundi Paschal. Walipofika chini wakaona kichwa cha mfumwa hakikulala juu ya udongo. Kilikuwa juu ya mifupa miwili ya mapaja, midogo, iliyonyooshwa sambamba kama ya mtu aliyekaa kitako. Nyuma yake uti wa mgongo ulikuwa umeegemea ukuta wa shimo. Vidole vilikuwa vimelikumbatia fuvu pande zote mbili.

"Hiyo ni mizizi," Stefani akasema.

"Mizizi haivai vikuku, mzee," Paschal akajibu kwa sauti ya chini.

Stefani akamkazia macho, akainama mwenyewe, akavibandua vile vidole kimoja kimoja, akalitoa fuvu na kulifunga kwenye shuka jeupe. Akamwambia Kaleb afukie vilivyobaki. Kaleb alisita, lakini akafukia. Jioni ile picha ya lile shuka ilikuwa kwenye kundi la ukoo na watu wameijaza mioyo na mikono ya sala. Paschal alimaliza kubandika vigae, fuvu likawekwa ndani yake, naye akaondoka, na hata toroli lake hakurudi kulichukua.

Stefani alijua. Baba yake alikuwa amemsimulia kabla hajafa, tena kwa majivuno. Ngoleza alikuwa hawezi kuweka kichwa chake chini kama watu wengine. Aliagiza kwamba akifa, binti akae kaburini, anyooshe miguu, ampakate. Mwaka ule ulikuwa wa njaa, na baba mmoja wa bondeni alikuwa amemwacha bintiye kwa mfumwa kama rehani ya chakula. Wakamteremsha akiwa mzima. Wakamwekea kichwa mapajani, wakamwambia asikiachie mpaka mwenyewe amwambie inuka. Kisha wakaanza kurudishia udongo, na baba wa Stefani alipofika hapo kwenye hadithi alicheka. Stefani alicheka naye, na hiyo ndiyo aibu aliyokuwa akitembea nayo kifuani miaka yote kama kikohozi kisichotoka.

Mchana mmoja, baada ya kula, Blessing alijilaza kwenye kochi akasinzia. Hedwiga aliingia na beseni la vyombo, akasimama mlangoni. Mto wa kochi ulikuwa sakafuni, umeegemezwa ukutani. Kichwa cha mtoto kilikuwa juu, shubiri nzima kutoka kwenye kochi, hakijaegemea kitu, na shingo imelegea kwa usingizi mtamu, na nywele zake ambazo Hedwiga mwenyewe alizisuka Jumapili zilikuwa zinafumuliwa, msuko mmoja ukimalizika unaanza mwingine, taratibu, bila haraka, kama afanyavyo mtu mwenye siku nzima ya kukaa, na harufu ya samli ikawa nzito mpaka ikamkaa Hedwiga kooni. Beseni likamponyoka.

Blessing akafumbua macho. "Bibi, mbona umeondoka? Si ulikuwa umenipakata?"

Akataka kuamka akashindwa. Akasema miguu imekufa ganzi. Ganzi ile haikuachia jioni, wala kesho yake. Walimteremsha hospitalini, akapimwa kila kipimo, majibu yakarudi kwamba mtoto ni mzima. Mtoto mzima huyo ukimfinya mguu hasikii, na kila siku ganzi inapanda, ilikuwa magotini sasa iko mapajani. Alipolala walisikia chumbani kwake mlio wa viungo, ko, ko, kama vya mtu aliyekaa sana anayejaribu kujinyoosha. Ikawa dhahiri hata kwa Kaleb aliyekuwa anajifanya haamini: huyo anayejinyoosha anapata nafuu, na nafuu yake anaichota kwenye miguu ya mwanawe.

Jumapili mchungaji aliposema tuinamishe vichwa tuombe, Stefani aliinamisha cha kwake, na kabla amina haijafika viganja viwili vidogo, vya baridi, vikatokea chini yake na kukipokea kichwa kile kama kitu kilichokuwa kinasubiriwa. Sala ikaisha. Watu wakasimama kuimba, wakaketi, wakasimama tena, na Stefani bado ameinama, jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu, hathubutu kulia wala kuita, maana angeeleza nini mbele ya kanisa lote? Waumini wakanong'ona kwamba mzee ameguswa na Roho. Ni kweli aliguswa.

Ndipo akakubali aitwe Isihaka, mganga na mkulima wa mpunga kule Bendera, tambarare. Kaleb alimleta kwa bodaboda kupitia njia ya nyuma, kwenye mashamba ya tangawizi, ili majirani wasione. Stefani alimpokea mlango wa jikoni na kumwomba avue kofia yake mpaka wafike ndani.

"Kofia yangu haiambukizi, mzee," Isihaka alisema, akaivaa vizuri zaidi.

Alichoma ubani, akasoma alichosoma, akamwekea Blessing mkono kichwani. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha mtoto akafungua mdomo akasema kwa Kipare cha zamani, ambacho hakuna aliyemfundisha na ambacho Hedwiga alikisikia mara ya mwisho kwa bibi yake. Sauti ilikuwa ya msichana, na ilikuwa imechoka.

"Niliambiwa nisikiachie kichwa mpaka mwenyewe aniambie inuka. Mmekichukua. Sasa nimpakate nani?"

Hedwiga alimgeukia mumewe, akamuuliza ni nani aliyekuwa amekipakata kichwa cha mfumwa. Kaleb ndiye aliyemweleza mama yake, kwa kunong'ona, yote aliyoyaona shimoni.

Isihaka akazima ubani. Akawaambia majini anayajua, yana kiburi, yanadai marashi na mbuzi mwekundu. Huyu hadai kitu. Huyu ni mtu, yuko kazini.

"Sitamfukuza," alisema. "Nitamfukuzaje mtu aliyekaa mlipomkalisha? Alikalishwa kwa neno, ataondoka kwa neno. Mtu wa damu ya Ngoleza amwite kwa jina, mbele ya watu wa kwao na mbele ya watu wenu, aseme alichofanyiwa, halafu amwambie inuka. Akiinuka yeye, na mtoto atainuka."

"Na tukimwambia hapa hapa, kimya kimya?" Stefani akauliza.

"Alizikwa kimya kimya?"

Mganga akakunja mkeka wake. Mlangoni akageuka, akasema neno hilo liwe la kweli tupu, maana aliyekalishwa kwa neno la uongo anajua sana ladha yake.

Sasa, kuna familia moja bondeni mwa nyumba ile, kwa Mzee Anaeli. Watu wa kwa Anaeli hawakai kitako kwa mfumwa. Msiba ukitokea wanakuja, wanatoa pole, wanasimama, wanaondoka. Ukiwapa kiti wanashukuru na kukiacha. Sisi wote tulikuwa tunasema wana maringo. Stefani alikuwa anasema hivyo kuliko wote, na jioni ile alipokuwa anateremka bondeni peke yake alijua sababu.

Alimkuta mzee anamenya ndizi. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda. Alikaa. Aliposema kilichomleta hakumwangalia mwenzake usoni. Anaeli aliendelea kumenya.

"Naghenjwa," akasema mwishowe. "Binti wa kwanza katika kila nyumba yetu anaitwa Naghenjwa, kwa ajili yake. Ulikuwa hujui, Stefani?"

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Stefani akamwomba aje siku ya sherehe. Anaeli akasema atakuja, na atasimama, kama kawaida yao.

Siku ikafika. Maturubai, spika, sare za kitenge cha kijani, magari ya Dar yamepangwa mpaka barabarani. Kaburi la vigae linang'aa kama bafu la hoteli. Blessing alibebwa na kuwekwa kwenye kiti cha plastiki karibu na baba yake. Ganzi ilikuwa imefika kiunoni. Anaeli na wanawe walisimama nyuma kabisa, kwenye michongoma.

Stefani akashika kipaza sauti. Alikuwa amedhamiria kusema, huo ni ukweli na tumpe haki yake. Lakini aliwaona wale vijana wameinua simu zao kumrekodi, akamwona mchungaji, akaiona ile sare, na ulimi ukapinda. Alisema kulikuwa na binti mmoja, Naghenjwa, aliyempenda sana mfumwa wetu, ambaye mfumwa alipofariki alijitolea kwa hiari yake kumsindikiza.

"Naghenjwa," akasema, "inuka."

Tukapiga makofi. Wote. Anaeli akageuka aondoke.

Na hapo ndipo Blessing alipoanza kurudisha kichwa nyuma, kidevu juu, juu zaidi, kama mtu anayejitahidi pua yake ibaki hewani wakati kitu kinajaa kumzunguka, kifuani, mabegani, shingoni, na mikono yake ikainuka na kuushika utupu pale mapajani kwa uangalifu mkubwa, na pumzi ikawa inaingia kwa mkwaruzo, kidogo, kidogo zaidi, na makofi yakafa, na kwenye ukimya ule watu wote wa maturubai matatu tukasikia udongo ukianguka, koleo baada ya koleo, mahali ambapo hapakuwa na koleo wala udongo.

Kaleb alikinyakua kipaza sauti mkononi mwa baba yake.

"Hakujitolea," alisema, na sauti ilikuwa inamkatika. "Alikuwa mtoto wa rehani, mwaka wa njaa. Babu zetu walimzika hai ili mfumwa apate pa kulaza kichwa. Mimi niliiona mifupa yake nikaifukia mara ya pili, kwa sababu niliona haya. Naghenjwa, binti wa kwa Mzee Anaeli, ulionewa. Inuka, dada. Inuka uende kwenu."

Viungo vikalia, ko, ko, ko, kwa mfululizo. Kitu kikapita kati ya viti kuelekea michongoma, na kila kilipopita palinuka samli. Blessing akakohoa. Akasimama kwa miguu yake mwenyewe, akayumba, akamshika baba yake kiunoni. Kule nyuma Mzee Anaeli aliomba kiti. Akaletewa, akakaa kitako, mbele ya nyumba ya mfumwa, akajifunika uso kwa kofia yake akalia. Siku ya pili mifupa ilifukuliwa na kupelekwa bondeni, wakamzika kwenye migomba ya kwao, amelala chali kama watu wote.

Stefani hakwenda kwenye mazishi hayo. Jioni ile ya sherehe, wageni walipotawanyika bila kuagana, alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kaburi la vigae. Hedwiga alidhani ni aibu, akamwacha kidogo apumue. Makande yalipoiva akatoka kumwita. Alimkuta ameshuka kitini, amekaa chini na kunyoosha miguu, mgongo umeegemea vigae. Viganja vyake vilikuwa mapajani, vimekunjwa kukizunguka kitu ambacho Hedwiga hakukiona, lakini kitambaa cha suruali kilikuwa kimebonyea pale katikati, kwa uzito.

"Baba Kaleb," akamwambia polepole, "inuka twende ndani, baridi imeingia."

Stefani aliinua macho.

"Sijaambiwa," akanong'ona.

Kaleb alimwambia inuka. Mchungaji alimwambia inuka. Hata Mzee Anaeli, Mungu ambariki, alipanda kutoka bondeni akamwambia inuka. Isihaka alipopigiwa simu alisema hawezi kuja, kwani wa kusema neno hilo ni mmoja tu, mwenye kichwa, na huyo amestarehe. Wamemjengea kibanda cha mabati pale pale, na Hedwiga humlisha uji kwa kijiko, maana mikono yake haiachii. Sisi tunaopita njiani tunamwamkia huku tumetazama chini, na ukikaribia sana utamsikia akiuliza kwa adabu, kwa sauti ya mtoto aliyetumwa, kama bado.