Laini Mbili za Ofisini

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia darasa, Jackie alikwenda kumsaidia Madam Gladwell, sekretari wa shule yao ya Gatitu, kupokea simu. Kazi hiyo aliipenda kupindukia. Ofisini, stoo na jikoni kote kulikuwa na simu, lakini zote zilitegemea laini mbili tu za nje. Taa nyekundu ikiwaka, ujue laini inatumika, nawe usubiri zamu yako.

Jumamosi hiyo Jackie hakuweza kutulia. Timu moja ya kandanda ya wasichana ilikuwa imejiondoa mashindanoni, na waandalizi walikuwa wameahidi kuipigia shule yao simu kabla ya saa sita kuipa nafasi hiyo. Simu yao ikipokelewa, timu ya Jackie, naye ndiye nahodha, ingecheza katika uwanja wa Ruring'u. Isipopokelewa, nafasi ingekwenda kwa shule nyingine. Simu za mkononi nazo zilikuwa bure kabisa, kwani mtandao ulikuwa umepotea tangu mvua ya jana.

"Kaa hapa uchunge simu," Madam Gladwell akamwambia. "Mimi napeleka barua kwa mwalimu mkuu."

Punde taa ya laini ya pili ikawaka. Alikuwa Bwana Mworia wa stoo akiagiza mchele kutoka Kutus, na Bwana Mworia akianza kuongea huwa hana haraka. Jackie akashtuka. Je, mtu akiichukua na hii iliyobaki? Akabonyeza laini ya kwanza, kisha kitufe cha kuishikilia. Taa ikaanza kumetameta. Nani angeigusa sasa? Akatabasamu.

Harrison, mpishi, akachungulia dirishani, mwiko mkononi. "Jackie, laini ziko bizi ama? Niko na gesi ya kuagiza, na maharagwe hata hayajachemka!"

"Ngoja kidogo, anko."

Simu haikulia. Saa sita ikakaribia, bado kimya. Jackie akaanza kuuma kucha.

Madam Gladwell aliporudi, aliitazama ile taa. "Nani anatumia laini ya kwanza?"

Jackie angeweza kusema ni mwalimu fulani, na nani angejua? Lakini akasema, "Ni mimi, Madam. Niliishikilia ndio mtu asiichukue, ati waandalizi wakipiga waipate."

"Ai, Jackie! Ukiishikilia, anayepiga kutoka nje anaipata inatumika! Si watakuwa wamepiga mpaka wakachoka?"

Jackie akaitazama saa ya ukutani. Wenzake walikuwa kiwanjani wakijifua kwa mechi, na yeye nahodha wao ndiye aliyewazibia njia! Madam Gladwell akabonyeza kitufe, taa ikazimika.

Kriii! Jackie akaidaka simu.

"Nyinyi mnaongea na nani asubuhi yote?" sauti ikauliza. "Tulikuwa tunajaribu mara ya mwisho, halafu tuite shule ingine. Mnakuja Ruring'u ama hamji?"

"Tunakuja!" Jackie akapiga kelele mpaka Harrison, aliyekuwa bado dirishani, akaangusha mwiko.

Madam Gladwell akacheka, kisha akamkazia macho. "Umesema ukweli mapema, ndiyo maana mtacheza. Lakini hizi laini ni zetu sote. Ukiwafungia wengine, na wewe umejifungia. Ukimaliza, achia."

"Nimesikia, Madam."

Jackie alitamani kuruka hadi kiwanjani kuwapa wenzake habari. Lakini kwanza alikata simu, akageukia dirisha. "Anko Harrison, kimbia jikoni uagize gesi. Laini iko wazi!"