Msikilizaji wa Kwanza

Yafesi alikuwa hajampa mtu yeyote anwani ya redio ya intaneti aliyoifungua nyumbani, lakini kompyuta ilionyesha kwamba tayari kuna msikilizaji mmoja.

"Ni simu yako?" akamuuliza mkewe.

"Yangu iko imezima," Sylvie akajibu.

Wakacheka. Chumba chao cha kulala pale Bwera sasa kilikuwa na kompyuta kuukuu mezani, maikrofoni, na blanketi mlangoni la kuzuia kelele. Kila mchana Sylvie, mkimbizi mzaliwa wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, alikuwa asome salamu za wakimbizi wenzake, wamsikie popote penye intaneti. "Bwana yangu ananipenda sana," aliwaambia majirani.

Yafesi akarudi Mubuku kwenye shamba lake la mpunga. Akawa anapalilia huku anamsikiliza mkewe kwenye simu. Siku ya nne, katikati ya salamu, akasikia mwanaume akicheka nyuma ya Sylvie: kicheko cha chini, cha mtu aliyejilaza kitandani.

Akatupa jembe. Njia nzima hadi Bwera, juu ya bodaboda, kwa wivu alimhimiza dereva aongeze mwendo. Akalirarua lile blanketi.

"Huyo mwanaume iko wapi, malaya wewe?"

Sylvie alikuwa ameketi peke yake, midomo inacheza, machozi yanamtiririka, wala hakutoa sauti, sauti yake ilitoka kwenye kompyuta, ikisoma salamu vizuri kabisa, na chumba kizima kilinuka manukato ya kiume na udongo mbichi, na Yafesi alipoinama uvunguni hakuona mtu, alipochomoa waya wa umeme kioo kilizima lakini sauti haikukatika, na ilipomaliza salamu ya mwisho sauti nyingine, nzito, ya taratibu, ikamwambia sikioni: "Usimguse. Mimi nilikuwa wa kwanza kumsikiliza."

Asubuhi akamleta Vasta, mganga wa Maliba. Mama yule alifukiza majani, akanusa kona zote, kisha akanong'ona:

"Jini wa wivu haji bila kuitwa. Ulimfungulia mke wako redio ya nini?"

"Ya kumfurahisha."

Kompyuta ikacheka, kwa sauti ya Sylvie. Sylvie mwenyewe akajishika shingo.

"Sema kweli, mwanangu. Jini ataondoka nayo hiyo kweli."

Yafesi akashika maikrofoni.

"Nilitaka kumchunga," akasema. "Nijue yuko nyumbani kila saa. Simu yake nimeipekua. Rafiki zake nimewafukuza mmoja mmoja. Hakuna mwanaume. Hakuwahi kuwapo."

Kitu kikaguna ndani ya kuta. Harufu ikakatika ghafla. Sylvie akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeibuka majini.

"Toka," akasema. Sauti yake mwenyewe, imekauka.

"Ametoka, mke wangu," Yafesi akanong'ona, akinyoosha mkono amshike. "Jini ametoka."

Sylvie akarudi nyuma, akamwonyesha mlango.

"Haiko yeye niko naambia."