Seva Isiyojua Kuandika

Jumatatu, saa mbili asubuhi, zahanati ya mtaa wa bondeni ilikuwa imejaa watoto wanaotapika, na kila mama aliyeulizwa alitoa jibu lilelile: mtoto alikunywa maji ya bomba. Maji hayo hutoka kwenye tangi la mlimani. Maabara ya idara ya maji ilipopima harakaharaka, haikukuta klorini, dawa ya kuua vijidudu, hata kidogo. Lakini kompyuta za idara hiyohiyo zilisema mengine kabisa. Zilisema Ijumaa klorini ilikuwa ya kutosha, na kwa sababu hiyo hakuna aliyepeleka dawa.

Inspekta aliyepewa kesi alikuwa mama wa makamo ambaye askari wenzake walimbatiza jina la Taratibu, maana hakuwa na haraka hata mahali panapowaka moto. Alipofika idarani, mkurugenzi alikuwa ameshahukumu na kumaliza.

"Afande, usijisumbue," alisema. "Ni huyu binti wa seva. Neno la siri la hifadhidata analo yeye peke yake. Na anayetuuzia klorini ni nani? Shemeji yake! Dawa ilikuwa feki, akamfunika kwa kubadilisha namba. Kazi hana tena kuanzia leo, na mkimtia ndani nitawashukuru."

Taratibu alimkuta binti huyo kwenye chumba cha kompyuta, macho mekundu.

"Afande, nina mtoto ananyonya," alisema hata kabla ya salamu. "Nikilala ndani leo, atanyonya nini?"

"Hujambo kwanza," Taratibu alimjibu, akavuta kiti. Moyo wake ulimuuma, lakini uso haukusema kitu. "Sasa nieleze hiyo hifadhidata kama unavyomweleza mama yako."

Binti alifuta macho. "Kwanza, mama, hifadhidata haipo."

"Haipo vipi? Bosi wako anaiangalia kila siku."

"Anaangalia majibu. Programu zetu zilitengenezwa kuongea na hifadhidata, na ile kubwa idara ilishindwa kuinunua. Nikaweka seva ndogo inayoongea lugha ileile. Ukiiuliza swali, inakwenda kwenye folda, inafungua mafaili ya vipimo kama yalivyo, inasoma, inakujibu. Programu hazijui tofauti."

"Kumbe ni karani."

"Karani wa kusoma tu. Kuandika hajui. Neno langu la siri linaniruhusu kuuliza, basi. Anayetaka kubadilisha jibu hahitaji neno hilo. Anaweka tu faili lingine kwenye folda."

"Nani anaweza?"

"Mzee wetu mpimaji, anayeleta mafaili kutoka kwenye kifaa chake. Mkurugenzi, aliyedai ruhusa kwa kuwa ni bosi." Akajionyesha kwa kidole. "Na mimi. Siwezi kukudanganya."

Taratibu alimpenda kwa jibu hilo. Akarudi kwa mkurugenzi.

"Ijumaa jioni uliingia kwenye folda?"

"Nani kakwambia?"

"Nauliza tu."

Mkurugenzi alitoa kitambaa, akajipangusa shingo. "Niliingia. Kuangalia kama faili limefika! Nilishaonywa mara moja kuhusu klorini. Wakinikuta tena na upungufu, kiti hiki sina."

Sababu alikuwa nayo na nafasi alikuwa nayo, na Taratibu alianza kumtilia mashaka kwelikweli. Hata hivyo aliagiza mpimaji aitwe kutoka uani, akasimama mlangoni kumngoja. Mzee alipanda ngazi za ofisi kwa mikono miwili kwenye reli, akapumzika katikati, akajifanya anatazama dirishani. Wote pale walimwita Baba Chupa, kwa chupa zake za sampuli.

"Shikamoo, mzee. Ijumaa ulipima?"

"Marahaba, mwanangu. Nilipima, kama kawaida."

"Wapi hasa?"

"Juu ya tangi, kwenye mfuniko. Unapanda ngazi ya chuma." Kisha, bila kuulizwa: "Huyo binti ni mtoto mwema. Msimfunge."

Taratibu aliwakusanya wote watatu kwenye chumba cha kompyuta, akamgeukia binti. "Mwanangu, iulize seva vipimo vya wiki iliyopita."

Skrini ilionesha tarehe, tangi na klorini. Hakuna la ajabu.

"Kifaa kinaandika vitu vitatu tu?"

"Kinaandika vingi. Ila skrini ya bosi inauliza vitatu, na seva haikupi usichoomba."

"Iombe vyote."

Safu zikaongezeka: joto la maji, tope, na mwishoni kabisa, chaji ya betri ya kifaa. Taratibu alifuata safu hiyo kwa kidole. Jumatatu tisini na sita. Jumanne themanini na nane. Jumatano themanini na moja. Alhamisi sabini na tatu. Ijumaa themanini na moja.

"Betri imepanda," binti alinong'ona. "Na joto... na tope... Ijumaa ni Jumatano! Ni faili lilelile, limebadilishwa tarehe."

"Unaona! Kabadilisha!" mkurugenzi alidakia.

"Tulia, baba," Taratibu alimwambia. "Mtu anayeficha kipimo kibaya hugusa namba ya klorini, basi. Betri ya Ijumaa angeiacha ilivyo. Hapa Ijumaa yenyewe haipo. Kifaa hakikuwashwa siku hiyo, na asiyekiwasha ni yule aliyekibeba." Akamgeukia mzee, akashusha sauti. "Goti, au kizunguzungu?"

Baba Chupa alikaa bila kuambiwa. "Goti. Alhamisi niliteleza nikishuka. Ijumaa nilifika chini ya tangi, mguu ukagoma. Nikachukua faili la Jumatano. La Alhamisi niliogopa; siku mbili mfululizo zenye namba zilezile zingeonekana."

"Kwa nini hukusema?" binti aliuliza.

"Mwenzangu alisema goti linamuuma. Wiki hiyohiyo akaachishwa kazi." Hakumtazama mkurugenzi, na mkurugenzi hakumtazama yeye.

Binti alikuwa analia tena, safari hii kwa hasira. "Mimi nilikuwa naenda ndani badala yako, baba! Ungeniambia tu. Ningekupandia. Kila siku ningekupandia!"

Mzee alifunika uso kwa viganja. Kisha akauliza, "Watoto wanaendeleaje?"

"Wengi wamepata nafuu," Taratibu alisema. "Wawili bado wana dripu."

"Naomba nipitie huko kwanza. Wasisikie kwa watu wengine."

Utaratibu wa polisi haukuruhusu. Taratibu alifungua mlango wa gari, akamwambia dereva aelekee zahanati.

Akina mama walikuwa kwenye benchi, kila mmoja na mtoto mapajani. Mzee alisimama mbele yao, akavua kofia ya idara.

"Mimi ndiye mpima maji yenu," alisema. "Ijumaa sikupima."