Nilianguka kwenye Mgahawa wa Tuzo, Mdogo Wangu Akaendelea Kurekodi

Koo lilikuwa linaziba... na mdogo wangu alikuwa ananirekodi!

Sio kwamba hakuona. Aliona!

Nilimnyooshea mkono nikamwonyesha mkoba wangu, maana humo ndimo inamokaa sindano yangu ya dharura. Yeye akasogea pembeni kidogo, simu juu, apate mwanga mzuri.

"Dada? Dada, vipi?" alisema, kwa sauti ile ile anayoongea na wafuasi wetu.

Nikaenda chini na kitambaa cha meza, glasi, uma, kila kitu.

Kisha giza.

Jamani, mengi mliyosoma kuhusu siku ile ni uongo. Na mengine niliyaposti mimi mwenyewe, nikiamini ni kweli. Leo nisikilizeni vizuri.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa na ukurasa wa kuwatafutia watu migahawa iliyoshinda tuzo katika mkoa wetu. Ile ya kifahari. Mnaijua... sahani kubwa kama sinia, chakula chenyewe cha kumshibisha kifaranga, na mhudumu anakutambulisha kwa kila jani kana kwamba unapelekwa ukweni!

Mimi naonja na kuandika. Yeye anarekodi.

Tulipita kila kona. Ikitangazwa tuzo mpya tu, sisi hao mlangoni. Mtu akitaka kumposa mchumba wake au kumpeleka bosi wake mahali pa maana, anatuuliza sisi.

Shida yangu ni moja tu. Karanga. Tangu utotoni, karanga kwangu ni sumu. Ndiyo maana kila mgahawa, kabla sijakaa, mdogo wangu alikuwa anaenda jikoni kuwaonya.

Siku ile nilimuuliza kama kawaida.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, dada. Kha! Unaniuliza kila siku kama mimi mtoto."

Alikuwa na kisirani tangu asubuhi. Ukurasa ulikuwa umedorora, na yeye ndiye aliyekuwa anashinda akiangalia namba zikishuka.

"Watu wamechoka kuona samaki na majani," aliniambia njiani. "Wanataka tukio."

Nikacheka. Nikamwambia tukio letu ni kula bure.

Kumbe mwenzangu hakuwa anatania...

Nilizindukia hospitali. Mdogo wangu kanishika mkono, analia. Mama yuko upande wa pili wa kitanda, macho yamemvimba.

"Walikuwekea karanga, dada! Niliwaambia, wakapuuza. Bahati nilikuwahi na sindano."

"Wewe ndiye uliyenichoma?"

"Sasa nani mwingine?"

Nikaamini alitupa simu nilipozimia. Nikamvuta nikamkumbatia. Nililia kama mtoto. Mama akageukia dirishani, akawa anakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Video ilikuwa imeshalipuka. Inaanza nikishika koo, inaishia nikianguka. Komenti ndiyo usiseme... "Mpishi muuaji!" "Wanyang'anywe tuzo!"

Na mimi, nikiwa bado na dripu mkononi, nikaposti: "Nimenusurika kufa kwa uzembe wa mpishi mkuu."

Mwenye mgahawa akamsimamisha kazi yule mpishi mkuu. Watu wakaitafuta picha yake, wakaisambaza, wakamtukana mpaka na wanawe.

Kisha kamati ya tuzo ikatuita. Walitaka kutusikia wote kabla ya kuuvua mgahawa tuzo yake.

Tulikutana palepale mgahawani. Viti vimepinduliwa juu ya meza, mapazia yamefungwa, hakuna hata harufu ya chakula.

Mpishi mkuu alikuja na gauni la kawaida. Mwanamke wa makamo, mikono ina makovu ya mafuta mpaka kwenye viwiko. Hakuniangalia.

Mwenyekiti wa kamati akaanza.

"Mama, karanga zilifikaje kwenye sahani ya mteja?"

"Kosa ni langu."

"Ulikuwa umeonywa?"

"Nilionywa. Kosa ni langu."

Nilidhani nitafurahi kusikia vile. Ajabu, sikufurahi. Mtu anayekiri kosa huwa anajitetea walau kidogo, jamani! Yeye alikuwa anakiri kama anayetaka yaishe aende nyumbani.

"Hapana!"

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa mhudumu aliyetuhudumia siku ile.

"Kaa kimya," mpishi akamwambia.

"Sikai kimya, mama! Unajibebesha mzigo usio wako!"

Akageuka kwa kamati.

"Samaki wa huyu dada alitoka jikoni hana hata punje ya karanga. Dada alipoenda kunawa mikono, huyu mwenzake aliniomba mchuzi wa karanga. Akasema ni wa kwake. Nikamletea. Niliporudi, kibakuli kitupu, na chakula chake yeye hajakigusa!"

Nikamwangalia mdogo wangu. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Halafu dada," mhudumu akanigeukia, "unajua nani alikuchoma sindano? Huyu mama hapa! Alitoka jikoni mbio, akamwaga mkoba wako sakafuni, akakuchoma pajani. Ndugu yako alikuwa bado kashika simu!"

"Mwongo!" mdogo wangu akapiga kelele.

"Niangalie," nikamwambia.

"Dada, anadanganya..."

"Niangalie machoni useme hivyo!"

Hakuweza.

"Nilijua utawashwa tu, dada... kama siku ile ya keki yenye karanga. Utavimba midomo kidogo, tupate kiki, basi! Sikujua utaanguka. Ulivyoanguka nikaganda... haki ya Mungu, niliganda!"



Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni. Nilimfundisha kufunga kamba za viatu!

Nikamsogelea mpishi. Nilitaka kusema samahani. Nikauliza tu:

"Kwa nini ulikubali kosa?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Macho yamechoka.

"Muulize mama yako."

"Mama yangu? Mama anaingiaje hapa?"

"Alikuja jikoni kwangu ukiwa bado umelazwa. Akapiga magoti pale kwenye maji ya kuoshea vyombo. Akasema, 'Nina watoto wawili. Mmoja nusura afe. Usinifungie wa pili.' Nami nina wanangu. Nikamwambia tutasema ni bahati mbaya ya jikoni, itapita. Sikujua kama mtanichoma mtandaoni."

Jamani... mama alijua! Alikaa pembeni ya kitanda changu, akaniacha nimkumbatie aliyeniwekea sumu!

Nilienda nyumbani moja kwa moja. Nilimkuta jikoni, anachambua mchele.

"Mama, ulijua?"

Hakuuliza nini. Aliendelea kuchambua.

"Alinieleza pale hospitali."

"Na ukanyamaza? Mama, mimi ni mwanao!"

"Sasa ungetaka nifanyeje?" Sauti ikampasuka. "Wewe ulikuwa umeshapona! Yeye ndiye aliyekuwa anaangamia!"

Maumivu ya sindano niliyasahau siku ileile. Hilo neno sijalisahau mpaka leo.

"Na yule mama wa watu je? Anatukanwa na nchi nzima!"

"Watu watasahau. Nakuomba, mwanangu. Ukiliweka hili hadharani, usinihesabu kama mama yako."

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Nikamfikiria yule mpishi. Alikuwa na sababu zote za kunifuata na kunitukana. Badala yake alipoteza kazi kwa kumhurumia mama yangu.

Nikafungua ukurasa wetu nikaandika kila kitu. Nikamwomba radhi mpishi mkuu hadharani, nikafuta video.

Mgahawa haukuvuliwa tuzo. Mpishi amerudi jikoni kwake. Niliomba kwenda kumshukuru, akanitumia ujumbe mfupi: "Nimekusamehe, lakini bado sitaki kukuona." Ana haki.

Mdogo wangu yuko kwa shangazi. Wengi mnaniuliza kwa nini sikwenda polisi. Nilienda mpaka getini. Nikageuza. Mnicheke tu.

Nilichojifunza ndicho hiki, hasa nyie wazazi. Kabla hujamfichia mwanao kosa, angalia mzigo unamtwisha nani. Mama alitaka kumwokoa mmoja. Akamwangamiza mama wa watu, akanivunja mimi, na hata huyo mmoja hakumwokoa.

Tangu niposti, mama hakuwa ananipigia. Kila nikipiga mimi, hapokei.

Jana simu ikaita. Ni yeye.

Nikapokea. Nasikia tu anapumua.

"Shikamoo, mama."



"Marahaba. Umekula?"

Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi.

"Nimekula, mama," nikasema.

Wala hakukata simu. Na mimi sikukata.